Limiti ya jogoo watatu kwa siku: sheria ya fezanti inaweza kuokoa kwale, kware na kanga wetu?

JaAlego_Ughaibuni
Wadau hamjambo. Mi ni wa Alego, Siaya, lakini miaka sita sasa niko South Dakota huku Marekani, napiga zamu kwa kiwanda cha nyama. Oktoba iliyopita jamaa wa zamu yangu akaniambia twende kwa shamba la mjomba wake siku ya kufungua msimu wa fezanti. Kama humjui fezanti, ni ndege wa ukoo wa kwale ila mwili karibu kama kuku wa kienyeji, jogoo ana kichwa cha kijani kinang'aa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu mpaka unajiuliza anaruka nao aje. Jike ni kahawia tu, rangi ya nyasi kavu. Na si ndege wa huku kwa asili, ni wa Asia, aliletwa kutoka China miaka ya 1880 akaanzia Oregon, leo South Dakota wanamringia kama sisi na ngege, samaki wetu wa ziwani.

Sikubeba bunduki, kazi yangu ilikuwa kutembea kwa mstari na wengine tukiwafurusha kwa nyasi inayofika kifuani. Sasa sikia kilichonishangaza. Ndege anatoka karibu na kiatu chako, mbawa zinapiga kelele hadi moyo unaruka, mtu anapayuka "jike!" na bunduki zote zinashuka. Hakuna anayefyatua. Akiwa jogoo wanapayuka "jogoo!" na hapo ndio moto unawaka. Kila mtu ni jogoo watatu kwa siku, ukifikisha watatu unafunga bunduki unaenda kunywa kahawa hata kama wengine wanakurukia usoni. Jioni tukiwanyonyoa mzee mwenye shamba akanionyesha lazima uache mguu mmoja ama kichwa ama bawa lenye manyoya, ndio askari wa wanyamapori akikusimamisha barabarani aone ni jogoo. Nilishika ule mguu, nyuma una kipi kama cha jogoo wa nyumbani, kigumu, kimechongoka. Jike hana.

Nikamkumbuka kwara, babu yangu. Nikiwa mdogo alikuwa na mlingoti mrefu nyuma ya boma, ameufunga vizimba vya kufuma kimoja juu ya kingine, ndani kware wa kuita. Alfajiri wakianza kuita wale wa porini wanashuka chini, na chini ametega tanzi kwa vijia alivyofyeka kwa nyasi. Siku nzuri tunakula aluru, ndio kware kwa Kijaluo, mpaka tunachoka. Leo nikipiga simu nyumbani naambiwa mlingoti ulishaanguka na aluru hawaji kama zamani. Swali langu ni hili, kama tungekuwa na limiti kama hii ya huku si wangekuwepo bado?

kuku_ni_kuku254
Umetaja kware nikashtuka. 2013 niliuza ng'ombe nikanunua kware juu kila mtu Nakuru alikuwa anasema yai moja linatibu pressure, sukari na mke kukasirika. Mwaka uliofuata mayai nakula mwenyewe asubuhi mchana na jioni na pressure ikapanda kabisa. Limiti ya kware niliwekewa na soko bana 😂😂

Skauti_Mstaafu
Kijana wa Alego, kwanza tuelewane kisheria kabla watu hawajaanza kutoa manati hapa. Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku 1977. Ndege waliendelea kuwindwa kwa leseni miaka kadhaa baada ya hapo, nakumbuka wageni na mbwa wao wakifuata kanga na kwale, lakini hilo nalo likafungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo, na kware ukitaka kumfuga ni lazima upate kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kwa hivyo limiti yetu sisi tayari ni sifuri. Jiulize sasa, kama limiti ni sifuri na ndege bado wanapungua, shida ni limiti kweli?

JaAlego_Ughaibuni
@Skauti_Mstaafu mzee wangu heshima, hapo umenikamata. Sikuwa nasema watu waanze kutega, nilikuwa nauliza tu hesabu yenyewe inafanya kazi aje.

Otis_wa_Dunga
Sifuri ya kwa karatasi hiyo. Nenda soko lolote huku kwetu msimu wa mvua uulize kwa sauti ya chini, utaletewa aluru kwa kikapu. Sifuri isiyofuatwa ni mbaya kuliko tatu inayofuatwa, hayo ni maoni yangu.

Nyuni_Kisumu
Hii mada ni yangu jamani, mi ni mtu wa kutazama ndege na nimesoma mambo ya wanyamapori kwa hivyo mnivumilie nitaandika refu.

JaAlego umeona kitu sahihi lakini sababu yake si ile unadhani. Fezanti jogoo mmoja anapanda majike wengi, kumi hivi si shida kwake, na akishamaliza hiyo kazi hana habari na mayai wala vifaranga. Jike anaatamia peke yake siku 23 hivi, analea peke yake. Sasa chukua shamba lenye majike 100 na jogoo 100. Majike 100 wanahitaji jogoo kumi tu. Wale tisini waliobaki, kwa upande wa kuzaa, ni abiria. Ukiwala ama usiwale, msimu ujao mayai ni yale yale. Ndio maana wanapayuka "jike" na bunduki zinashuka, yule ndiye anabeba mwaka ujao tumboni. Miaka ya 1940 hapo hapo South Dakota kuna misimu waliruhusu hata majike kupigwa, wakati huo ndege walikuwa wamejaa kupita kiasi, lakini hilo halikudumu.

Kwa hivyo ile tatu kwa siku, na hii ndio watu wengi hawajui, kazi yake kubwa si kuokoa fezanti. Fezanti ameokolewa na neno moja tu, jogoo. Tatu ni ya kugawana. Ni ili anayekuja wiki ya sita akute kitu, na mwenye mbwa kumi asimalize bonde lote Jumamosi ya kwanza. Ndio unakuta jimbo lingine ni wawili, Kansas ni wanne, na huwezi kusema fezanti wa Kansas ana damu tofauti. South Dakota yenyewe ilianza msimu wake wa kwanza 1919 kwa siku moja tu, kaunti moja ya Spink, jogoo wawili kwa mtu. Leo wanaruhusu watatu toka Oktoba mpaka mwisho wa Januari na wanapiga zaidi ya milioni moja kwa mwaka mzuri na bado wapo.

Sasa hamisha hiyo sheria ulete Siaya. Kanga dume na jike ukiwaona wanafanana kama mapacha, hata ukiwa nao mkononi utakuna kichwa, sasa akiruka utapayuka nini? Na kanga msimu wa kuzaa wanatembea wawili wawili, kwale vile vile, ni mke na mume. Ukiua dume la kwale hujaua abiria, umevunja nyumba. Kware wa kwetu yule wa kifua cheusi angalau dume unamjua kwa hicho kifua, lakini naye ni msafiri, anafuata mvua, leo yuko Siaya kesho yuko nchi nyingine, kwa hivyo hata ukimhesabu hapa kwako hujui ni wa nani. Sheria ya jogoo ni ya ndege mwenye tabia ya jogoo. Huwezi kuinakili tu kama notisi ya chama.

kuku_ni_kuku254
"Umevunja nyumba" 😭 sasa kwale ana ndoa imara kuliko yangu

Chebet_wa_Kitale
@Nyuni_Kisumu umeeleza vizuri dada/kaka sijui. Swali, kama kupigwa hakuwamalizi, kinachowamaliza huko ni nini? Juu nimesoma kwamba hata huko wanalia wamepungua kulinganisha na enzi za mababu zao.

Nyuni_Kisumu
Dada 🙂. Nyasi. Jibu ni nyasi na kila kitu kingine kinakuja nyuma yake. Fezanti maisha yake ni mafupi hata bila bunduki, mbweha, mwewe, theluji ile nzito, karibu nusu ya majike hawaoni msimu unaofuata. Anachotegemea ni kuzaa sana, mayai kumi na kitu kwa kiota, na kiota kikiharibiwa anajaribu tena. Lakini kiota kiko chini, kwa nyasi ambayo haijakatwa. Ukikata nyasi ya ng'ombe wakati anaatamia umekata na yeye, kwa sababu haondoki, anajilaza hapo akidhani hajaonekana mpaka mashine inampitia. Kisha vifaranga wiki za kwanza wanakula wadudu, si nafaka. Ukishapiga dawa wadudu wote, shamba likawa safi kama meza, vifaranga wanakufa njaa katikati ya chakula.

MamaNgano_Njoro
Naomba niingilie hapo kwa mashine. Nalima ngano huku Njoro, si nyingi ya kujisifu, na nyingine nakodisha upande wa Mau Narok. Miaka mingi kwale kwangu nilimjua kama mwizi. Ukishapanda wanapita kwa mstari wakifukua mbegu kama wamepewa ramani, na jioni wanapiga kelele kwa ua kama wanakucheka. Nilikuwa naweka kijana wa kuwafukuza.

Sasa mwaka juzi wakati wa kuvuna nilikuwa nimekaa kwa kombaini na dereva, tumebakisha kipande cha mwisho katikati. Mnajua vile tunavuna, tunaanza kando tunazunguka tukiingia ndani. Kile kipande kilikuwa kimekuwa kisiwa. Dereva akaniambia mama shika vizuri, utaona. Tulipofika mita chache kikalipuka, kwale, sungura, panya, vyote vikatoka kwa wakati mmoja, na mwewe wako juu tayari wanangoja, wanajua ratiba yetu kuliko sisi. Jike mmoja wa kwale hakutoka. Tulimpata nyuma ya mashine, na mayai manne yamebaki mazima kwa kashimo kadogo kenye majani makavu, mengine yamepasuka. Yalikuwa na joto bado. Dereva akaniuliza nichukue za kukaanga? Nikamwambia wacha. Sijui kwa nini nilisema wacha, hayangeanguliwa hata hivyo.

Kwa hivyo mnisamehe lakini nikisoma habari ya limiti tatu nne naona kama mnaongea na watu wa bunduki wakati anayeua wengi ni mimi na sina hata manati.

Omwami_Mumias
Mama umeongea ukweli. Huku kwetu isindu, yaani kware, tunamjua sote, lakini kwa miwa mwenyewe mnajua, kabla ya kukata watu wanawasha moto shamba lote ili majani yaishe na nyoka wakimbie. Huo moto hauulizi jike wala jogoo. Na vijana wamesimama kando na rungu wakingoja kinachotoka. Nimefanya hivyo nikiwa mdogo, sitajidai mtakatifu.

Otis_wa_Dunga
Swali la mtu asiyesoma. Kwani si wafuge tu hao ndege kwa vizimba wakiwa wengi wawaachilie? Kuku tunafanya hivyo kila siku.

JaAlego_Ughaibuni
@Otis omera hilo hata mimi niliuliza yule mzee siku ile. Kuna mashamba huku ya kulipia, wanafuga wanaachilia, wewe unakuja na pesa unapiga. Uingereza ndio zaidi, wanaachilia mamilioni kwa mamilioni kila mwaka kabla ya msimu. Mzee akacheka akasema ndege wa kizimba ni wa wikendi moja, ukimwachilia Ijumaa Jumapili mbweha ameshiba. Hajui kujificha, hajui kulala wapi theluji ikianguka, na jike wa kizimba hata akiishi kuatamia porini kunamshinda. Unaweza kununua ndege wa kupiga, hakuna duka la kununua ndege wa kuzaa, ndio vile alisema, kwa Kiingereza chake cha polepole.

kuku_ni_kuku254
Nathibitisha. Wale kware wangu nilipofilisika niliwafungulia kwa hasira. Walikaa hapo mlangoni wakiningoja niwape chakula.

Skauti_Mstaafu
@kuku_ni_kuku254 na usirudie hivyo. Wale wengi walioletwa kufugwa ni kware wa Kijapani, si huyu wetu. Ukiwafungulia wachanganyike na wa porini unaleta shida nyingine.

Karani_wa_Nax
Hizi zote ni hadithi za watu wenye mashamba makubwa na pesa. Ati acha nyasi. Mi nina ekari mbili Bahati na watoto watatu shule. Nyasi nikiiacha jirani ananiambia nimekuwa mvivu na mbuzi wa watu wanaimaliza. Huko Marekani nani anamlipa mkulima aache nyasi?

Nyuni_Kisumu
Serikali, na si mzaha. 1985 walipitisha mpango kwenye sheria yao ya kilimo, mkulima analipwa kila mwaka kama amekodisha ardhi yake, aiweke chini ya nyasi miaka 10 mpaka 15, lengo la kwanza lilikuwa udongo usiende na maji, fezanti wakafaidika tu. 2007 ilifika ekari zaidi ya milioni 36. Halafu mahindi yakapanda bei, mikataba ikiisha watu wanalima, na fezanti wakashuka pamoja na nyasi huku limiti ikibaki ile ile tatu. Hakuna aliyeongeza idadi ya kupiga ndio wakapungua. Juu ya hiyo wawindaji wenyewe wanalipa, toka 1937 kuna ushuru kwa bunduki na risasi unaorudi kwa wanyamapori, bunduki ndefu ni asilimia 11. Kwa hivyo anayependa kupiga ndiye analipia nyasi. Sisi tumefunga uwindaji, sawa, siupingi, lakini pia tumefunga hiyo mfereji ya pesa na hatujachimba mwingine huku mashambani. Pesa ya utalii inaishia kwa simba na ndovu, kwale hana mtalii.

Karani_wa_Nax
Basi nilipwe nami nitaacha hata jikoni pawe nyasi.

Chebet_wa_Kitale
Na wanajuaje wako wangapi? Huku kwetu hata kanga hakuna anayehesabu.

JaAlego_Ughaibuni
@Chebet hiyo naijua, rafiki yangu wa Iowa ameniambia. Agosti maafisa wanaamka kabla ya jua, siku yenye umande mzito bila upepo, wanaendesha gari polepole barabara za murram maili 30 wakihesabu. Juu nyasi ikilowa, jike anatoa vifaranga barabarani wakauke. Yaani umande unakuhesabia ndege. Niliposikia hivyo nikacheka, kwara alikuwa anajua hiyo, alikuwa anatutuma asubuhi yenye umande tuangalie njia ya kisimani kama kuna nyayo ndogo.

MamaNgano_Njoro
Hiyo hata mimi naweza. Barabara ya kwangu hadi kwa kituo ni ya vumbi na kwale wanapenda hapo asubuhi.

Nimekaa na hii mada tangu jana, ngoja niseme nilichofikiria halafu mnikosoe. Ile mistari ya kando ya ua na kando ya mtaro, ngano hapo kwanza haizai vizuri, kivuli na trekta inageuka hapo, nikivuna napata nusu gunia la takataka. Nimemwambia kijana tusipande tena hapo, mita nne hivi kuzunguka, na dawa ya wadudu isifike. Nikivuna nitaanza katikati nikitoka nje ili ndege wakimbilie ua badala ya kubaki kisiwani. Dereva amesema itaongeza dizeli kidogo kwa kugeuka geuka na ameniuliza nani ataongeza hiyo dizeli. Nikamwambia kwale.

Skauti_Mstaafu
Mama, kuanza katikati ni kitu cha maana sana, hata mimi sikuwahi kumwambia mkulima hivyo miaka yote niliyofanya kazi. Tulikuwa tunakamata watoto na manati. Angalia mtaro tu, hiyo nyasi ikikauka Januari mtu asitupe kiberiti.

Omwami_Mumias
Kwa miwa sijui tutafanyaje. Kiwanda kinataka miwa haraka na wakataji hawaingii shamba la kijani, wanasema nyoka na majani yanakata mikono, na ni kweli yanakata. Labda kuwasha kutoka upande mmoja tu na kuacha upande wa pili wazi. Nitauliza.

Otis_wa_Dunga
@JaAlego na wewe utafanya nini ukirudi? Umeleta moto umekaa kando.

JaAlego_Ughaibuni
😂 haki ya kweli. Nimepiga simu nyumbani jana usiku, nikaongea na ndugu mdogo wa kwara, ndiye amebaki anajua hiyo kazi. Nikamwuliza aluru wameenda wapi, wametegwa wakaisha? Akanyamaza kidogo, akasema zamani kati ya boma letu na mto kulikuwa na nyasi ya watu wote, ng'ombe wanapita, hakuna anayelima. Iligawanywa, mwenye mahindi mahindi, mwenye mikaratusi mikaratusi. Sasa kware akipita juu usiku na mvua, ashukie wapi? Ati mwaka huu amewasikia alfajiri mbili tu, wote upande wa kile kipande cha mama mmoja mjane ambaye hana wa kumlimia.

Halafu akaniuliza kama huo mguu wa jogoo mwenye kipi bado ninao, nimletee Desemba aweke kwa ukuta. Nikamwambia baba, hata sijui kama uwanja wa ndege wataniachilia nao. Akasema basi lete picha, na uje na nguo za kufanya kazi, ule mlingoti wa kwara ulioanguka anataka uwe nguzo ya ua wa huyo mjane, mbuzi za watu zisiingie.